Mto ni Sinia Moja: Adabu ya Mezani na Msitu wa Mau

Katika nyumba nyingi za Njoro, Elburgon na Molo, chakula hakianzi kwa ugali. Huanza kwa maji. Mtoto wa nyumba huja na jagi mkono mmoja, beseni mkono wa pili, na taulo begani. Huinama mbele ya mgeni, au mbele ya mzee aliyewapita wote kwa umri, akamnawisha. Kisha huenda kwa wa pili na wa tatu, mpaka wote waliokaa wawe wamenawa. Mtoto aliyefunzwa vyema hamimini ovyo. Huyatazama maji yaliyosalia jagini, akawatazama na watu waliosalia, kwa maana ajua kwamba ni aibu kubwa jagi kukauka kabla mtu wa mwisho hajanawa.

Wengi waliolelewa katika nyumba za namna hiyo wamesahau mafunzo mengine ya utotoni, lakini hilo hawalisahau. Hata hivyo ni wachache waliopata kujiuliza: je, maji yale ya jagini yametoka wapi, na ni nani aliyeyamimina kwanza?

Kwa watu wa sehemu hizo, jibu liko juu milimani, upande wa machweo. Ni msitu wa Mau. Mjini Nakuru maji mengine hutoka upande wa Nyandarua na Bahati, nayo pia ni maji yaliyozaliwa na misitu. Na mtu akiuchunguza msitu kwa makini ataona kwamba kazi yake haipitani sana na ile ya mtoto mwenye jagi. Huwagawia watu maji polepole, kwa kipimo, ili yule wa mwisho asikose.

JINSI MSITU UNAVYOMIMINA MAJI

Mtu asikiapo habari za misitu ya mvua, hukumbuka kwanza ile ya Amazon kule Amerika ya Kusini, au ile ya Bonde la Kongo, ambayo kwa ukubwa ni ya pili duniani. Kenya nayo inayo masalio ya msitu wa namna ile ya Kongo, huko Kakamega. Mau si msitu wa joto kama hiyo. Ni msitu wa milimani, wenye baridi na ukungu. Humo mna mierezi, ambayo wengi huiita mitarakwa, mna miti ya podo na mizeituni ya mwitu, na juu zaidi mna mianzi. Mbega huruka katika matawi yake, na mnyama adimu aitwaye bongo hujificha katika vichaka vyake. Ukubwa wake wote, ukihesabu vipande vyake vyote pamoja, hukadiriwa kuwa hekta 400,000 hivi, nao ndio mkubwa kupita misitu yote ya milimani katika Kenya.

Mvua inyeshapo juu ya ardhi tupu, matone huupiga udongo kwa nguvu na kuziba vitundu vyake. Maji hayapati mlango wa kuingilia. Hutiririka juu juu kwa haraka, yakichukua udongo mzuri wa mwenye shamba na kuupeleka bondeni. Lakini mvua hiyo hiyo ikinyesha msituni, huangukia kwanza majani ya miti mirefu, kisha ya miti mifupi, kisha vichaka, kisha majani makavu yaliyolala chini. Ifikapo ardhini imekwisha kupoa hasira yake. Majani yaliyooza huinywa kama sponji, na mizizi iliyotoboa udongo huipa njia ya kushuka. Maji hayo hukaa chini ya ardhi majuma na miezi, halafu hutokea tena katika chemchemi, machache kwa machache. Hii ndiyo sababu mto utokao katika msitu mzima huwa na maji hata mwezi wa Februari, wakati mbingu ni kavu na ng'ombe wanalamba vumbi.

Zaidi ya hayo, miti hurudisha maji mengine hewani kwa njia ya majani yake, na hewa hiyo yenye unyevu husaidia kuleta mvua nyingine. Wataalamu wa hali ya hewa wasema kwamba sehemu ya mvua za magharibi ya Kenya, hasa za Julai na Agosti, huletwa na pepo zenye unyevu kutoka Bonde la Kongo. Basi hata mkulima wa Molo, ambaye hajapata kuiona Kongo, hula kwa mkono wa msitu ulio mbali naye mamia ya kilomita.

Nayo mito itokayo Mau ni mingi. Sondu, Nyando na Mara huelekea Ziwa Victoria, na kutoka hapo maji yake huingia Mto Nile na kushuka hata Misri. Mara, kabla ya kufika huko, huwanywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti. Ewaso Ng'iro ya kusini huenda Ziwa Natron, na Mto Molo huenda Ziwa Baringo. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia katika Ziwa Nakuru, ambalo halina mlango wa kutokea. Majani ya chai ya Kericho hutegemea hali ya hewa ya msitu huo, na umeme wa Sondu Miriu hutegemea mto wake.

ADABU YA KULA NI NINI

Adabu za mezani hutofautiana kwa kabila na kabila. Wakalenjin humkaribisha mgeni kwa mursik, maziwa yaliyolazwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti uliochaguliwa kwa kazi hiyo. Wakikuyu humwandalia mukimo wa viazi, mahindi na majani mabichi. Waogiek, wenyeji wa kale wa msitu wa Mau, humpa asali kutoka katika mizinga ya mierezi. Msomaji na aangalie jambo moja hapa: chakula cha kwanza hupata harufu yake katika mti, cha pili hupata mvua yake kutoka mitini, na cha tatu ni maua ya miti yenyewe. Hapana meza katika sehemu hizi ambayo msitu haukuketi.

Ijapokuwa desturi ni mbalimbali, ziko kanuni ambazo kila nyumba njema huzikubali.

Ya kwanza ni kungoja. Mtu hatii mkono chakulani kabla ya mkubwa wake, wala kabla wote hawajanawa.

Ya pili ni kula kilicho mbele yako. Katika miji ya pwani watu wengi wamezoea kula pamoja katika sinia moja, na huko mtoto hufunzwa mapema kwamba upande wake ni ule unaomwelekea yeye. Kuupitisha mkono juu ya mkono wa mwenzako ili kuifuata nyama iliyo upande wake ni kosa asilolisahau mtu upesi.

Ya tatu ni kipimo. Mtu hutwaa kiasi atakachomaliza, naye hutwaa akijua ni wangapi waliosalia. Wahenga walisema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Ya nne ni kumkumbuka asiyekuwapo. Mama yuko jikoni bado. Mtoto yuko njiani kutoka shuleni. Baba amechelewa na gari. Nyumba yenye adabu huwawekea hao akiba yao kabla ya wengine kuanza kula, wala haisubiri kuona kama kitabaki kitu.

Ya tano ni kushukuru, na kukiacha mahali pa kulia kikiwa safi kama kilivyokutwa.

Yafaa kusema kwamba kanuni hizo hazina haja ya uma na kisu. Karani kijana akialikwa chakula hotelini mjini Nakuru, akakuta vyombo vingi pande zote mbili za sahani yake, asifadhaike. Na amtazame mwenyeji wake, afuate polepole, hakuna atakayemcheka. Lakini yuko mtu mwingine ashikaye uma na kisu barabara kabisa, naye hata hivyo hana adabu, kwa kuwa amejipakulia vipande vinne vya nyama huku wenzake watatu wakilitazama bakuli. Na siku hizi yuko mwingine tena, aketiye na simu ya mkononi kando ya sahani, akachekeshwa na watu walio mbali, huku wale aliokaa nao wakitafuna kimya kama waliofiwa. Uma haukumfunza wa kwanza, wala simu haikumfunza wa pili. Adabu ni kujua kwamba hauko peke yako mezani.

MTO NI SINIA MOJA NDEFU

Sasa chukua mfano wa mkulima mmoja aliye juu kabisa, karibu na chemchemi za Mto Njoro, mahali msitu ulipokutana na mashamba. Si mtu mbaya. Nyumbani kwake humpisha mzee kiti, hunawa mikono, naye humwekea mkewe akiba. Lakini katika shamba lake amekata miti yote mpaka ukingo wa mto, akapanda viazi mpaka majini. Amechota maji kwa mashine mchana kutwa wakati wa kiangazi. Amechoma makaa ya mzeituni wa mwitu uliokuwa ukikua kabla babu yake hajazaliwa, akayauza yote kwa juma moja.

Kwa nini mtu huyo mwenye adabu nyumbani akawa hana adabu mtoni? Sababu yake ni nyepesi. Katika sinia watu huonana uso kwa uso. Akinyoosha mkono isivyofaa, macho ya wenzake humrudisha. Lakini mto ni sinia ndefu, na watu wake hawaonani. Mto Njoro hushuka yapata kilomita 60 kutoka Mau, ukapita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, ukapita mji wa Njoro, ukaingia ziwani karibu na Nakuru. Yule aliye juu amepakuliwa kwanza, wala hamwoni mama aliye chini akiutazama mchanga mkavu na ndoo yake mkononi. Haya haimshiki, kwa maana hapana macho yanayomtazama.

Hapo ndipo adabu ya kweli hupimwa. Kumheshimu mtu aliyeketi mbele yako ni jambo zuri, lakini hata mwoga aweza kulifanya. Kumheshimu mtu usiyemwona, ambaye hawezi kukusifu wala kukulaumu, hilo ndilo la mtu aliyelelewa. Na miongoni mwa hao wasioonekana wamo pia watoto ambao hawajazaliwa. Wao ndio wa mwisho kabisa kunawa.

WALIOINGIA BILA HODI

Habari za Mau zaonyesha wazi kinachotokea adabu hiyo ikikosekana. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikavuka milima ya Mau na kufika Ziwa Victoria. Injini za gari la moshi zilichoma kuni, na viwanda vya mbao vikasimama Elburgon na Molo. Sehemu nyingi za msitu wa asili zikafyekwa, zikapandwa misonobari na misaipresi kwa safu. Miti hiyo ina faida yake, kwa maana nyumba na shule haziwezi kujengwa bila mbao. Lakini safu za mti wa namna moja si msitu. Hazina tabaka za majani wala vichaka vya kuituliza mvua kama msitu wa asili, nazo zikikatwa zote kwa siku moja huiacha ardhi uchi.

Wafanyakazi wa misitu waliruhusiwa kulima mahindi na viazi kati ya miche kwa miaka michache mpaka miti iwe mikubwa, kisha wahamie kipande kingine. Mpango huo, ambao watu wote wauita kwa jina la shamba, ulikuwa kama mgeni aliyekaribishwa kula kisha akainuka kwa wakati wake. Palipokuwa na usimamizi mwema ulileta chakula na miti pamoja. Usimamizi ulipolegea, mgeni hakuinuka. Miche ilikufa, mahindi yakabaki. Kwa sababu hiyo mpango huo ulipigwa marufuku zaidi ya mara moja, na chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ukarudishwa kwa masharti mapya, ukiwa mikononi mwa vyama vya jamii za misitu pamoja na Shirika la Misitu la Kenya.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2001, Serikali ya wakati huo ilipoondoa zaidi ya hekta 61,000 za Mau katika hifadhi ya misitu ili zigawiwe watu. Zaidi ya nusu ya ardhi hiyo ilikuwa ya Mau ya Mashariki, yaani pale hasa ambapo Mto Njoro huanzia. Wengine waliopewa walikuwa maskini wasio na ardhi. Wengine walikuwa wakubwa wenye ardhi tayari, ambao walijipakulia mara ya pili wakati wengine hawajala. Mwaka 2008 Waziri Mkuu aliunda jopo la kuchunguza jambo hilo, na ripoti yake ya mwaka 2009 ilieleza kwamba karibu robo ya msitu wote wa Mau ilikuwa imepotea katika muda wa miaka ishirini hivi.

Waogiek wenyewe hawakuulizwa. Tangu siku za ukoloni walikuwa wakiondolewa msituni mara kwa mara, mara nyingine kwa kuambiwa kwamba ni kwa ajili ya kuuhifadhi msitu. Desturi ya nchi hii yote ni mtu kupiga hodi mlangoni na kungoja jibu la karibu. Huko Mau watu waliingia bila hodi, na mwenye nyumba akatolewa nje. Wahenga husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hapa wageni walikuja na mwenyeji akaugua. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek, na ya kwamba si wao waliouharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na kurudishiwa haki ya ardhi yao.

Hata kumwinua mgeni mezani kuna adabu yake. Mwaka 2009, na tena mwaka 2018 na 2019, maelfu ya watu waliondolewa katika sehemu mbalimbali za Mau. Miongoni mwao walikuwamo walionunua vipande vyao kwa fedha zao za jasho, wakiwa na karatasi mikononi, na wengine walilala nje na watoto wao. Msitu ulihitaji kupona, hilo ni kweli. Lakini mtu aliyekalishwa mezani na mkubwa wake, akaambiwa ale, si haki yeye peke yake kubeba aibu yote, huku yule aliyemkalisha akiendelea na karamu yake.

JAGI LISILO NA MSHIKAJI

Matokeo yake yalionekana bondeni. Mto Njoro, ambao wazee waukumbuka ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika nyakati za kiangazi. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikauka karibu lote, na upepo ukapeperusha vumbi la magadi mpaka mjini. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo, walihama.

Kisha mambo yakageuka. Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya ziwa yalipanda mwaka hata mwaka. Yalifunika lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama pamoja na majengo yake, yakaua miti ya ukingoni, yakaingia katika makazi ya watu. Magadi yalipozimuliwa na maji mengi, mwani mdogo unaoliwa na heroe ulipungua, nao wengi wakaenda Ziwa Bogoria. Wataalamu wameeleza kwamba sababu kubwa ya maziwa ya Bonde la Ufa kupanda ni mvua zilizozidi; lakini milima iliyovuliwa miti huzidisha haraka ya maji hayo na wingi wa tope linalokuja nayo.

Mtu aweza kushangaa na kuuliza: yawezekanaje msitu huo huo ulaumiwe kwa ukame na kwa mafuriko? Jibu liko katika jagi. Mwondoe mtoto anayelishika, uliache lianguke. Kwa dakika moja maji yatakuwa mengi kupita kiasi, yatalowesha mkeka na nguo za wageni. Na dakika ifuatayo hapatakuwa na tone la kumnawisha mtu. Maji ni yale yale. Kilichokosekana ni mkono wa kuyagawa.

MTU MMOJA AWEZA KUFANYA NINI

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya Serikali na wakubwa. Ni kweli kwamba wakubwa wana sehemu yao. Katiba ya mwaka 2010 yaitaka Serikali ijitahidi miti ifunike angalau sehemu kumi kwa mia ya nchi. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika sehemu 12.13 kwa mia, lakini misitu yenyewe ilikuwa 8.83 tu. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwa mtu wa kawaida.

Mwenye shamba kando ya mto na aache ukanda wa ukingo bila kuulima, aupande miti ya asili na nyasi. Mkaratusi una faida kwa nguzo na kuni, lakini usipandwe karibu na chemchemi wala kijito, kwa kuwa hunywa maji mengi. Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka kila mkulima atenge sehemu moja katika kumi ya shamba lake kwa miti. Mwenye eka tano akitenga nusu eka, atapata kuni zake bila kwenda msituni usiku kama mwizi.

Mvunaji wa dawa na ajue kipimo. Uko mti uitwao mwiri, ambao gome lake hutengenezwa dawa ya ugonjwa wa tezi dume unaowapata wanaume wazee. Achunaye kipande upande mmoja na kuuacha mti upone, atarudi tena baada ya miaka. Achunaye kuuzunguka mti wote ameuua siku ile ile. Hapo kanuni ya tatu ya mezani imesimama katika umbo la mti.

Mrina asali na auzime moto wake kabisa kabla ya kuondoka. Mama wa nyumba, akiweza, atumie jiko lenye kula kuni au makaa machache. Mnunuzi wa makaa mjini naye asijidanganye kwamba mikono yake ni safi kwa sababu hakushika shoka. Na wale waishio karibu na msitu wajiunge na chama cha jamii ya msitu wao, kwa maana sheria ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2016 iliyochukua mahali pake, ziliwapa nafasi ya kushiriki katika ulinzi na faida. Mgeni aliyepewa sauti mezani huwa mlinzi wa chakula.

Na asiwepo mtu wa kuidharau kazi ndogo. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940, alianzisha mwaka 1977 chama cha Green Belt, ambacho wanachama wake wengi walikuwa wanawake wa mashambani. Wanawake hao hawakuanza kwa kusema habari za mabadiliko ya hali ya hewa. Walilalamika kwamba kuni ziko mbali, maji safi hayapatikani, na chakula cha watoto si bora. Yaani walilalamika habari za meza. Jibu lake lilikuwa mche wa mti, kisha mche mwingine, mpaka ikawa mamilioni. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani, wa kwanza kuipata miongoni mwa wanawake wa Afrika. Akafariki mwaka 2011. Haba na haba hujaza kibaba.

MTU WA MWISHO

Mzazi wa Njoro au wa Nakuru anayempa mtoto wake jagi na beseni leo jioni, amwambie kitu kimoja zaidi ya yale aliyoambiwa yeye. Amwambie kwamba nyuma ya jagi liko bomba au kisima, nyuma ya kisima iko chemchemi, na nyuma ya chemchemi iko miti ambayo haina sauti ya kudai. Kisha amwambie amimine polepole, akiwatazama waliosalia.

Mtoto atauliza, kama watoto waulizavyo: nani anawa mwisho? Mzazi mwenye busara hatamtajia jina. Atamwambia kwamba wa mwisho bado hajafika, lakini yuko njiani, naye atakuwa na kiu.